Kiini cha Yai la Orrin

Kwa miaka kumi na tisa Orrin Lindahl alilisha paka wa utafiti wa chuo, kwenye nyumba ndefu nyuma ya mashamba ya ngano, wala hakuchelewa hata siku moja. Mkewe Verna, mwalimu mstaafu, hakuona haya kulitaja jambo hilo kanisani.

Mwaka wa kumi na tisa paka walikuwa makundi mawili. Moja lilichanganyiwa chakula na rangi ya njano iliyokamuliwa kwenye maua. La pili lilikula chakula kitupu. Baada ya miezi miwili wote walidungwa chanjo chini ya ngozi, na uvimbe ukapimwa. Uvimbe mkubwa ulionyesha kinga ya mwili iko macho. Wa chakula kitupu walivimba kidogo tu, isipokuwa jike mmoja wa kijivu, Namba Kumi na Nne.

Jioni ile Orrin alikaa mezani bila kugusa sahani.

"Verna, yale mayai unayonifungia ya kazini."

"Yana nini?"

"Si daktari wa moyo alinikataza kiini? Mimi nakula ule weupe. Kiini nampa Kumi na Nne."

Verna akaweka kijiko chini. Wote wawili walijua kiini hupata unjano wake kwenye majani na mahindi anayokula kuku. Ni rangi ileile.

"Nani amekuona?"

"Paka."

"Sitanii, mzee."

"Hakuna mtu."

"Miaka arobaini hujanimegea mimi hata mkate."

"Wewe huji kulia miguuni pangu."

Verna hakucheka. "Basi nyamaza. Ni paka mmoja kati ya hamsini. Jina la Lindahl halijawahi kusemwa vibaya mji huu."

"Ndiyo maana siwezi kunyamaza, mama. Kila asubuhi nimetia sahihi kwamba wamekula walichopangiwa, basi."

Kesho yake alimweleza Daktari Ishikawa, mkuu wa utafiti. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akafuta vipimo vya yule paka. Kisha, bila kumtazama usoni, akaomba funguo za nyumba ya paka. Orrin aliomba kitu kimoja, akarudi nyumbani na Namba Kumi na Nne ndani ya koti.

Verna alihamia benchi la nyuma kanisani. Nyumbani aliongea habari za theluji na kuni, za kazi hakuzigusa hata kidogo. Alikusudia kumwambia kwamba alifanya sawa, ila alingoja kwanza hasira ipoe. Februari moyo wa Orrin ulisimama.

Baada ya maziko Daktari Ishikawa alileta ripoti. Verna aliisoma mara mbili, akitafuta jina. Mstari ulisema tu: paka mmoja aliondolewa kwa taarifa ya mlishaji.

"Hamkuandika nani," alisema.

"Hatuandiki majina ya walishaji, Bibi Lindahl."

Asubuhi Verna huchemsha yai moja. Hakuna daktari aliyemkataza kiini. Hula ule weupe, polepole, na kile cha njano hukiweka sakafuni, mahali ilipokuwa ikikaa miguu ya Orrin.