Yai Nililokula Bilele

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliua kuku kumi na mmoja kwa kula yai moja. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani kwetu Kaagya, na kwa siku kadhaa hata mimi niliamini. Leo siamini, na sitaki mtu aniambie yale yalikuwa mambo ya kizamani, tuyaache yapite. Mshtakiwa nilikuwa mimi. Nina haki ya kusema.

Nililelewa na Babu na Bibi, wazazi wa baba yangu, kwa sababu baba na mama walikuwa walimu na walihamishwa kila mara. Nyumba ilikuwa katikati ya migomba na mibuni, na kuku walikuwa wa Bibi. Au tuseme kazi ya kuku ndiyo iliyokuwa ya Bibi. Yeye aliwafungulia asubuhi, yeye aliwabandua viroboto kandokando ya macho, yeye alijua nani anataga chini ya mbuni upi. Kula, walikula wanaume. Wanawake wa Kihaya wa umri wake hawakula kuku wala yai, na Bibi alikuwa hajaonja hata mchuzi. Mjini watu walishauacha mwiko huo zamani, lakini yeye alishikilia, na alikuwa akinionya bila ukali, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango:

"Koku, msichana akila yai, kuku wa kwao wanaisha. Usije ukasema sikukuambia."

Likizo ile ya mwezi wa sita ilianza kwa ajali. Babu alikuwa anakata mkungu wa ndizi, ukamponyoka na kumwangukia tetea mmoja wa kijivu aliyekuwa anaparua pale chini. Mguu ukavunjika. Babu akasema achinjwe. Bibi akasema huyu anataga vizuri, akakaa chini, akaunyoosha mguu polepole huku mimi nimemshika kuku mabawa, akauwekea vijiti viwili vya tete na kuufunga kwa ukanda wa gome kavu la mgomba. Ngozi ilipochanika alipaka maji ya mubilizi, majani yale machungu tunayonyweshwa tukiumwa tumbo. Kisha akamweka ndani ya tenga kwenye stoo ya kahawa na kufunga mlango, wenzake wasije wakamdonoa kidonda. Nikampa jina la Sista, maana alikaa kule ndani peke yake, kimya, kama sista aliye kwenye mafungo.

Siku mbili baadaye nikaenda Bilele, mjini, kukaa wiki moja kwa mama mdogo. Asubuhi ya kwanza akaniwekea yai la kuchemsha kando ya chai.

"Sili," nikasema. "Bibi amekataza."

Mama mdogo akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bibi yako yuko Kaagya. Kula, upate akili."

Nikala. Nilikula haraka, macho yakiwa mlangoni, kana kwamba Bibi angeweza kuchungulia kutoka kule kijijini.

Nilirudi Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo akafika Shangazi Koleta, dada yake baba, aliyeolewa Muleba. Alikuja kutusaidia kuchuma kahawa, na mkononi alikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, zawadi ya mume wake kwa Babu. Akapiga magoti kumkabidhi baba yake.

"Tata, pokea. Kwetu kuku wameanza kusinzia na kufa, nikasema huyu nimuwahi nimlete huku apone."

Babu alifurahi sana. Jogoo akafunguliwa kamba palepale na kuachiwa kati ya wenzake, na jioni wakalala naye jikoni. Zawadi ya mkwe huwezi kuitenga pembeni kama kitu unachokishuku. Hilo lingekuwa tusi, na tusi hilo lingefika Muleba kabla aliyetumwa kuleta zawadi hajarudi.

Sentensi ile ya Shangazi kila mtu aliisikia. Niliyeiweka akilini ni mimi tu.

Jumanne jogoo alijikunyata karibu na mafiga, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Shingo ilipoanza kupinda, Babu akamuwahi kisu. Wikendi wakasinzia matetea watatu. Kisha kila siku mmoja, siku nyingine wawili, na kila aliyeanza kusinzia aliwahiwa kisu kabla hajafa mwenyewe. Babu na wageni wake walikula kuku mfululizo kama kila siku ni Pasaka. Mimi ndiye niliyenyonyoa. Maji ya kunyonyolea tulimwaga kwenye mashina ya migomba, utumbo na manyoya palepale, na kuku wazima wakaja kuparua na kudonoa. Nilikuwa nawafukuza kwa mkono uliojaa manyoya ya wenzao. Nani angejua? Hakuna aliyetufundisha.

Walipofika watano, Bibi akaniita nyuma ya jiko.

"Koku. Ulikula nini mjini?"

Nilikuwa bado sijajua kudanganya. "Yai."

"Mangapi?"

"Moja."

Hakunipiga. Angenipiga ningepata nafuu. Alinitazama tu, akasema, "Nilikuambia," akainama kuendelea kufagia manyoya. Shangazi Koleta alikuwa mlangoni na kikapu cha kahawa kichwani, akasikia kila neno. "Maawe!" akasema. "Kumbe tunamlaumu Mungu bure!"

Tangu saa ile nilipigwa marufuku: nisiwaguse kuku, nisiwape maji, nisiingie jikoni asubuhi kabla hawajatoka. Kunyonyoa waliochinjwa, hilo niliendelea nalo. Angalieni mantiki hiyo, nawaomba. Mkono wangu ulikuwa na mkosi wa kutosha kuua kuku, lakini haukuwa na mkosi wa kutosha kunipumzisha kazi.

Waliyemsahau ni Sista. Hakuna mwingine aliyekuwa na zamu ya kumlisha, kwa hiyo niliendelea mimi, asubuhi na jioni, na kila mara kabla ya kuingia stoo nilinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko. Niliogopa nisimwambukize mkosi wangu. Niliamini, jamani. Nilinawa nikilia, nikahesabu mpaka hamsini, nikaingia na kikopo cha maji na punje za mahindi. Naye alikula, akanitazama kwa jicho moja, akala tena.

Jumapili ya tatu tangu jogoo aletwe, tuliporudi kutoka misani, kuku kumi na mmoja walikuwa wamekwisha, jogoo akiwa mmoja wao. Jikoni hapakuwa na hata mmoja. Shangazi alikaa chini karibu na kiti cha Babu, akaanza kwa sauti ya upole, sauti ambayo mpaka leo nikiisikia kwa mtu najiandaa.

"Tata, amebaki yule wa stoo. Ndiye anayelishwa na huyu mtoto. Mkosi umejificha kwake. Msipommaliza huyo, hata mkileta wengine wataisha vilevile."

Babu aliutazama mlango wa stoo. Halafu akaomba kisu.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka mgongo wangu ukiwa umebana mlango wa stoo, na Babu amesimama mbele yangu na kisu cha jikoni, na nyuma ya mbao nasikia Sista akiparua tenga.

"Toka mlangoni, Koku."

"Sitoki, Babu."

"We mtoto!" Shangazi akainuka. "Unamjibu nani hivyo?"

"Aliyekufa wa kwanza ni jogoo," nikasema. Kamasi zilikuwa zinanitoka, sikuwa shujaa wa kupigiwa picha. "Jogoo mimi sikumgusa hata siku moja akiwa hai. Sista namgusa kila siku, asubuhi na jioni. Kama mkosi uko mkononi mwangu, mbona yeye anakula?"

Babu akamtazama Shangazi. Nikaona mwanya, nikaingia.

"Na wewe Shangazi ulisema kwenu Muleba kuku wanakufa. Kule ni nani aliyekula yai?"

Shangazi akamgeukia Babu. "Tata, mnausikia mdomo huu? Ndiyo hayo mayai yenyewe yanaongea!"

Babu nusura acheke, nikaona mashavu yakimcheza, lakini kisu hakukishusha. Hapo ndipo Bibi alipotoka jikoni. Alitembea bila haraka, akanyoosha mkono, akakitoa kile kisu kwenye vidole vya mume wake kama mtu anayechukua kitu chake kwa mtoto.

"Nipe. Ndizi hazijamenywa."

Akavuta kigoda mpaka kwenye mlango wa stoo, akakaa karibu yangu, akaanza kumenya. Alimenya ndizi za chakula cha mchana, akamenya na za jioni. Babu alisimama kidogo, akarudi kwenye kiti. Nyumba nzima ilikuwa na kisu kimoja cha maana, na kilikuwa na kazi.

Sista alipona. Mguu ulibaki umepinda kidogo, lakini alitaga, akaatamia, na kuku wote waliokuja baadaye nyumbani kwetu walitoka kwake. Bibi hakuniomba radhi. Alichoniambia jioni ile, akinipa sahani, ni hiki: "Lakini mayai usile."

Chuoni wananiambia nina hasira kwenye midahalo, nipunguze. Huwa nawauliza nipunguze ipi. Sina ugomvi na Shangazi kwa kuleta jogoo. Alitaka kumwokoa, akamleta kwa wazazi wake, na wengi hufanya hivyo mpaka leo: ugonjwa ukiingia kwako, unawahamishia waliobaki kwa ndugu unayempenda. Ninachokataa ni ule upesi wa kumpata mkosaji. Waliokula kuku wale wagonjwa wote kumi na mmoja walikuwa wanaume watu wazima, wameketi sebuleni, na hakuna aliyeuliza habari za matumbo yao. Lilitafutwa yai moja tumboni mwa msichana. Likapatikana, na kila mtu akaacha kutafuta.

Ugonjwa ule unaitwa mdondo. Una chanjo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Babu alishafariki, na sasa kila likizo mimi ndiye ninayenunua kichupa mjini, nakifikisha Kaagya ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Shangazi Koleta naye hupiga simu: "Koku waitu, na wa kwangu unakuja lini kuwawekea matone?" Naenda. Mkono ni uleule.

Likizo iliyopita Bibi alikuwa ananishikia kuku, mmoja baada ya mwingine, na mimi nadondosha. Tulipofika karibu na wa mwisho akaniuliza, bila kunitazama:

"Lile yai la Bilele. Lilikuwaje?"

"Sikumbuki, Bibi. Nilimeza kwa woga."

"Yaani ulituletea maneno yote yale na hata ladha hukuijua?"

Nikaingia jikoni, nikachemsha yai. Alilimenya mwenyewe taratibu, akalikata katikati kwa kisu, akanipa kipande changu kwanza na kunitazama mpaka nilipomeza. Kisha akatia chake mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yakiwa uani.

"Hukuweka chumvi," akasema.

Sikumwambia nimeshinda, na sidhani kama nilishinda. Jioni, kuku walipoanza kuingia jikoni, tulisimama mlangoni sote wawili, kila mtu akihesabu kimoyomoyo. Wote walikuwepo.