Siku Niliyojitwika Ndoo Darasani

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Ujiji, tulikaa watatu kwenye dawati moja. Jirani yangu alikuwa msichana kutoka Burundi, aliyefikia kwa shangazi yake mtaa wa Rusimbi. Yeye mgeni aliongea kama kasuku. Mimi mwenyeji nilikuwa bubu. Nikisimama tu, kidevu kinashuka mpaka kwenye kola na sauti inabaki humo humo kifuani.

Na nilitaka kitu kimoja, nasema kweli: kuingia timu ya mdahalo inayokwenda kushindana na shule ya Kidahwe. Mwalimu wa Kiingereza alishanijaribu mara mbili.

"Kesho utatueleza matumizi ya neno carry," akasema. "Ukininyamazia tena, binti, nafasi nampa mwingine."

Jioni tulitoka bombani, ndoo kichwani. Nikawa namweleza mwenzangu: sisi mtoto mgongoni tunamweleka, mapajani tunampakata, ndoo tunajitwika. Kwa Mwingereza yote hayo ni carry. Meli ikileta watu, carry. Upepo ukileta harufu ya dagaa, carry hiyo hiyo.

Akasimama njiani. "Kumbe unaongea!"

"Naongea na wewe tu."

"Wapi! Ndoo ndiyo inakuongelesha. Ukiinama, unaoga."

Kesho yake nilipoitwa, kidevu kikaanza safari yake. Mwenzangu akaruka, akachukua ndoo ya maji ya kudekia, akanibandika ngata ya kitenge utosini.

"Jitwike. Genda! Nenda!"

Wavulana wa nyuma wakalipuka. "Dada, dagaa bei gani?"

Mwalimu akakunja mikono. "Haya, tuone."

Maji yakacheza juu yangu. Kuinama haikuwezekana, kwa hiyo nikawaona wote usoni, na hawakutisha hata kidogo. Nikaanza kwa Kiingereza: meli inabeba watu, upepo unabeba harufu. Sentensi zikaja zenyewe. Mwisho nikasema kuna mama aliyebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akatembea hivyo kutoka Burundi mpaka akaingia Kigoma.

Mwenzangu, kwa mara ya kwanza, ndiye aliyetazama chini. Kisha akainua uso, akapiga kigelegele, na darasa zima likamfuata.

Halikumwagika hata tone.

"Kidahwe unakwenda," mwalimu akasema. "Lakini ndoo je?"

"Ndoo naiacha, mwalimu. Ngata naenda nayo."

Nikaenda nayo, tena kichwani, mbele ya shule nzima ya watu. Wakacheka. Tukawashinda.