Chewa Aliyezoeshwa Mayai

Kwa miaka sita Mapezi alishuka baharini na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa wavu, na kwa miaka sita alijidharau kila alipoyamenya.

Mapezi halikuwa jina lake. Alipewa na wenzake bandarini kwa sababu ya nyayo zake ndefu, enzi alipokuwa akizamia chini ya meli kukwangua uchafu na chaza walioganda. Kazi ile aliifanya miaka kumi na mmoja, ndani ya maji meusi ambamo huoni hata kiganja chako, na hakuwahi kusikia mtu akiiita burudani. Mdogo wake alipoolewa na mwenye kampuni ya kupeleka wageni kuzamia visiwani, akamwomba dada yake aje kuwaongoza, Mapezi alikubali kwa ajili ya mdogo wake. Mapezi alimpima shemeji yake siku ya kwanza tu, akamjua mpaka mwisho.

Shemeji alijiita Papa. Jina hilo alijibandika mwenyewe, akalichora ubavuni mwa boti, meno na yote. Wageni wengi walidhani maana yake ni baba, wakamwona mtu wa upole. Kila asubuhi alisimama katika ofisi yao, chumba kimoja cha bati chenye harufu ya mpira uliolowa, akawasimulia waliokuwa wakihangaika kuingia kwenye suti za kuzamia jinsi alivyompiga papa ngumi ya pua. Mapezi, akijaza mitungi ya hewa nyuma ya ukuta, aliusikia mkasa ule ukinenepa. Mwaka wa kwanza yule samaki alikuwa na urefu wa mtu. Kufikia mwaka wa tano alikuwa ameizidi boti. Ukweli ni kwamba Papa wa nchi kavu hakuwahi kupita kina cha kiuno. Maji yakimfika hapo, sikio lilianza kumuuma.

Wageni nao hawakumpa Mapezi sababu ya kuwaheshimu. Kuna aliyeuliza kasa hutoka saa ngapi, kana kwamba kasa ana zamu. Kuna aliyemshika kasa gamba, akataka kuvutwa, na Mapezi akambandua kwa kumbana kidole gumba mpaka akaachia. Kuna mume na mke waliogombana kwa ishara za mikono katika kina cha mita kumi, wakawatisha samaki wote, kisha wakapanda botini na kulalamika kwamba hawakuona kitu. Aliwapandisha wote wazima. Ndiyo heshima pekee aliyoweza kuwapa.

Mayai yalikuwa wazo la Papa. Chini ya mwamba mmoja, mita kumi na tano kwenda chini, aliishi samaki aina ya chewa, mkubwa kama godoro la mtoto, mwenye midomo minene na uso wa mtu aliyeamshwa mapema. Papa alisikia mahali fulani kwamba chewa hupenda mayai, akaagiza apelekewe kila siku. Chewa akazoea. Akaacha kuwinda, akawa anawangoja watu mlangoni pake, anawafuata, anawapiga vikumbo kifuani. Wageni walifurahi mno. Mapezi aliwaambia zaidi ya mara moja kwamba huyo si rafiki, ni ombaomba, na aliyemfanya ombaomba ni yeye Mapezi mwenyewe. Lakini kesho yake alimenya tena.

Kisha akaja mpiga picha wa tangazo. Alitaka picha moja tu: Papa akimlisha chewa kwa mkono wake. Papa alikubali mbele za watu kabla akili yake haijafika, na baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Mdogo wake Mapezi alimvuta dada yake pembeni na kumsihi asimwachie mumewe huko chini. Mapezi akamwahidi.

Walishuka asubuhi, Mapezi akiwa amemkamata shemeji yake mkanda kama mtu anayemwongoza mbuzi. Papa alikuwa anapumua haraka mno. Mapovu yalimtoka kama sufuria inayochemka. Walipofika mwambani, mpiga picha akajiweka sawa, Mapezi akampa Papa yai, na chewa akatoka.

Hapo Papa alitakiwa kuliachia. Ndiyo kazi yote. Papa kwa hofu alilifumba yai ngumini na kulibana. Chewa hang'ati, hufyonza. Akafungua mdomo, na ngumi nzima ya Papa ikaingia mpaka kwenye kifundo. Papa akapapatika. Alitema kipumulio, akamtwanga Mapezi teke la tumbo, akautoa mkono ukiwa umechubuka kote, kisha akajaribu kufyatuka kwenda juu kama kizibo.

Mtu akipanda hivyo huku amebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Mapezi alijua, na baadaye hakuficha kwamba kwa muda mfupi kabisa aliliwaza jambo hilo bila huzuni. Halafu akamdaka mguu, akamvuta chini, akamsukumia kipumulio chake cha akiba mdomoni na kumkumbatia kwa nguvu. Walipanda polepole, kifua kwa kifua. Nyuma ya kioo cha miwani Papa alikuwa analia, macho yamefumbwa, na mkono wake mzima umeng'ang'ania nywele za shemeji yake.

Botini Papa alihema mpaka pumzi ikamrudia. Ilipomrudia tu, akamweleza mpiga picha kwamba Mapezi alipatwa na hofu, ikabidi ampandishe.

Mpiga picha aliangalia pembeni, akajishughulisha na kamera. Mapezi alifungua mikanda ya mtungi wake. Alikuwa amewahi kuona vitu vingi vimeganda chini ya meli, lakini uongo huu ulikuwa kitu kipya.

Ofisini, Papa alikaa mkono ukiwa ndani ya taulo, akatangaza kwamba Alhamisi ataleta mtu mwenye mkuki.

"Samaki aliyeonja mtu hafai kuachwa," alisema.

"Hajaonja mtu, shemeji," Mapezi alisema. "Alifuata yai lililokataa kutoka mkononi mwako."

Mdogo wake alikuwa mezani, anaandika majina ya wageni wa kesho. Aliweka kalamu chini.

"Dada, huko chini nani alimpandisha mwenzake?"

"Muulize mumeo. Mimi mtu akilia majini huwa simtazami usoni."

Papa akalikaza taulo mkononi. Mkewe alimwangalia kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetazama nguo aliyoinunua gizani. Mwishowe akachukua kalamu.

"Mtu wa mkuki haji," alisema. "Na mayai yaishe leo."

Yakaisha. Ila chewa hakuwa ameambiwa. Kwa miezi mitatu alitoka mbio kila alipomwona Mapezi, akamnusa vidole, akamgonga kifua, akamfuata mpaka karibu na boti. Siku moja alimchubua kiwiko. Mapezi alikunja mikono kwapani na kukubali kugongwa. Katika dharau zote alizokuwa nazo, na alikuwa nazo za kutosha kijiji kizima, ile aliyojiwekea mwenyewe siku zile ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Papa alisema mara mia, na mara mia yeye ndiye aliyemenya.

Polepole chewa akakata tamaa. Akawa hatoki tena, anachungulia tu. Wageni walilalamika kwamba hawakuguswa na samaki. Papa aliwajibu, akiwa ameweka mkono kifuani, kwamba kwa mapenzi yake kwa bahari ameamua kupiga marufuku kulisha viumbe. Nyuma ya ukuta Mapezi aliendelea kujaza mitungi, na dharau yake kwa shemeji haikupungua hata chembe.

Ulipofika msimu uliofuata, aliwapeleka wageni wanne kwenye mwamba ule. Chewa alikuwa nje, ametulia juu ya mchanga. Pembeni mwa mdomo wake ulining'inia mkono wa pweza, bado unajikunja. Alikuwa amewinda mwenyewe. Wale wanne walikuwa wamempa mgongo, wanapigana picha wakitoa vidole gumba mbele ya jiwe tupu.

Kiongozi wa wazamiaji hugonga mtungi wake kwa chuma ili wageni wageuke waone. Mapezi alikuwa na chuma mkononi. Hakugonga.