Siku Niliyomwita Tapeli Mwandishi wa Blogu

Jamani, hili nikilisimulia huwa natazama chini, na hata sasa natazama chini, ila kwa kuwa wengine mmeshalisikia likiwa limeongezwa chumvi, bora mlipate kwangu mwenyewe.

Miaka hiyo nilikuwa wakala wa vipande hapa Tunduma. Yaani kuna kampuni ya Dar es Salaam inakusanya fedha za watu wengi kwenye mfuko mmoja, inaziwekeza, na kila mtu anamiliki vipande vyake; kazi yangu ilikuwa kuwashauri wafanyabiashara na wenye malori waingie. Sasa kumshauri mtu aliyezoea kuiona fedha yake ikiwa ng'ombe, au tofali, au lori, si mchezo. Kampuni ililijua hilo, ndiyo maana ilikuwa na blogu ya sisi washauri, na kila wiki mama mmoja wa makamo, ana miwani na kilemba (picha yake ilikuwa pale juu, anatabasamu kama mama mchungaji), alituandikia namna ya kumweleza mteja mambo ya fedha kwa lugha laini. Jina lake Bi Stella. Nilikuwa naenda kumsoma internet kafe karibu na stendi, nameza maneno yake yote, kisha nakwenda kwa wateja nayasema kama yangu. (Msicheke, bado hatujafika.)

Wiki moja Bi Stella akaandika kwamba kuna matapeli wanazunguka mikoani wakijifanya watu wa kampuni. Na Tunduma ni mpakani, mtu anakuliza asubuhi, mchana yuko Nakonde, ng'ambo Zambia, anakunywa soda, kwa hiyo hofu ikaniingia mpaka kwenye mifupa. Chini ya makala kulikuwa na nafasi ya maoni, nikaandika, na hapo ndipo kidole kiliponiponza: "Bi Stella, njoo Tunduma uone tunavyohangaika." Nikaweka na namba yangu ya simu.

Haikupita wiki akanipigia mwanamume. "Shikamoo mama, natoka kampuni, nimesoma maoni yako, nakuja kukuona ukiongea na wateja."

Mwanamume! Nimemwandikia mwanamke, anajibu mwanamume! Nikajisemea moyoni, ndiye huyu huyu. Nikamwambia karibu sana mwanangu, kwa sauti tamu kabisa, kisha nikaenda kijiweni kuwaambia bodaboda wakae tayari. (Mnauliza kwa nini sikupiga simu kampuni? Nilishawaza kuwa huenda ana mtu wake humo ndani. Mtu akianza kushuku hana breki.)

Kikao kikawa kwenye ghala la Mzee Hamadi, mwenye malori, mtu wa Tanga, mteja wangu mkubwa ambaye wengi waliingia kwa kumfuata yeye. Watu wakajaa. Kijana akaingia na ndala zake, begi mgongoni, jasho tele.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Nikamuuliza mbele za watu, "Bi Stella yuko wapi?"

Akacheka kidogo, akanisogelea sikioni. "Mama, Bi Stella hayupo. Ni mimi ninayeandika."

"Mmesikia?" nikapaza sauti. "Anasema Bi Stella ni yeye! Tapeli huyu!"

Bodaboda wakaingia kwa kishindo, mmoja akamkwida shati, mwingine akamvua begi, na kule nje watu wasiojua lolote wakaanza kusema mwizi, mwizi, na nyie mnajua neno hilo likishatoka barabarani linaishia wapi. Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa anasubiri kuvuka akauliza, "Mwebantu, cinshi?" yaani kulikoni.

Mzee Hamadi akainua mkono. "Mwacheni kwanza, msimpige. Mama Tumaini, hebu waeleze watu hawa habari ya vipande kama ulivyonieleza mimi, halafu na yeye aeleze. Mwongo atajulikana."

Mimi nikaona hapo ndipo nitang'ara. Nikakohoa. "Ndugu zangu, marehemu baba yangu alikuwa na shamba la kahawa kule Isansa. Mwaka wa kwanza alipalilia tu, hakuvuna kitu, jirani yake mwenye mahindi akamcheka..."

"...na mwaka wa nne jirani akaja kuomba miche," akaendelea kijana, shati bado limekwidwa, "baba akampa, akamwambia, nenda kapande, ila jirani, hii haitaki haraka."

Neno kwa neno! Mzee Hamadi akanitazama mimi, akamtazama kijana.

"Mama Tumaini, huyu baba yako amemjulia wapi?"

(Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa hapa hapa Tunduma. Hata kunywa kahawa alikuwa hanywi.)

Watu wakaangua kicheko, bodaboda wakamwachia kijana, Mzee Hamadi akapiga simu kampuni mbele ya wote, na kampuni ikasema ndiyo, huyo ni mwandishi wetu. Kijana akaeleza kwamba alipoandika kwa jina lake washauri hawakumsoma, kampuni ilipoweka picha ya mama mwenye miwani wakaanza kusoma.

Ndipo Mama Asha, muuza vitenge, akasimama. "Kwa hiyo mama wa kwenye picha si mtu, na baba wa Isansa si baba. Na fedha zetu je?"

Hapo hakucheka mtu.

Fedha zilikuwepo, na waliotaka kuuza vipande vyao walilipwa, lakini waliuza wengi, Mama Asha akiwa wa kwanza, na sikuwa na uso wa kumzuia hata mmoja. Kijana nilimwomba radhi, nikamsindikiza mpaka kwenye basi, akaniambia yameisha mama, ila niliona anageuka nyuma kila pikipiki ikipita.

Tangu siku hiyo mteja akiniuliza nisichokijua, namwambia sijui. Na nikisoma kitu mtandaoni, hata kiwe kitamu vipi, naapa sikitoi mdomoni kabla sijajua kimeandikwa na nani na anataka nikipeleke kwa nani, maana miaka ile nilidhani nashauriwa, kumbe nilikuwa nabebeshwa mzigo, na nikautua kwa watu walioniamini.