Bwawa Lisiloshika Klorini

Kila asubuhi fundi wa bwawa la kuogelea huchota maji kwa kichupa, huyadondoshea dawa ya kupimia, kisha hukiinua kwenye mwanga kwa vidole vyake vilivyobabuka. Klorini ingekuwepo, maji yangegeuka manjano. Hayageuki ng'o. Chujio ameshalisafisha mara tatu. Mimi ni mpishi tu wa nyumba hii, lakini jana uvumilivu ulinishinda.

"Kaka, jua ndilo linaloila. Si ulifunike hilo bwawa?"

"Najua, dada. Lakini binti yangu alijifunzia kuogelea humu. Akipiga simu ya video mchana, hutaka kwanza nimwonyeshe maji, ndiyo maana naliacha wazi kutwa."

"Mara ya mwisho alipiga lini?"

Alilikunja turubai la kufunikia bwawa taratibu, pembe kwa pembe, akaifuta simu kwa shati.

"Enzi hizo klorini ilikuwa inakaa."