Mkono Alioushika Beda

Beda alikuwa mtu wa maswali. Pale Kimamba alikozaliwa, katikati ya mashamba ya mkonge, trekta la kijiji cha ujamaa likizima wenzake waliliapiza. Yeye alilifungua ajue limeudhiwa na nini. Ndiyo maana mwaka 1974, ilipopatikana nafasi ya kwenda Sweden kujifunza ufundi, hakuna aliyebisha jina lake lilipotajwa.

Huko alipewa chumba nyumbani kwa mabwana wawili wa makamo, Gunnar na Sven. Nyumba safi, maua dirishani, wanawake hakuna. Wiki ya kwanza alijikaza, ya pili uvumilivu ukamshinda.

"Samahani, kaka zangu, wake zenu watarudi lini?" Maana kwao Kimamba mke asipoonekana nyumbani, basi amekwenda kuwasalimia wazazi.

Sven alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hakuna wake, Beda. Wenye nyumba ndio sisi. Mimi na Gunnar."

Roho ilimruka. Jambo alilolificha tangu ujana, asilothubutu hata kulipa jina, hapa linakunywa kahawa mezani! Basi maswali yakamtoka mfululizo. Nani hupika? Mama zenu walisemaje? Majirani je, wanawasalimu? Hilo la mwisho alijionea jibu lake mwenyewe: siku ya kuzaliwa ya Gunnar, bibi wa jirani alileta keki, akaketi, akala kipande kikubwa kuliko vyote.

Halafu kulikuwa na Erik wa karakana. Jioni moja wakitoka kazini, mazungumzo yamekolea, Beda akamshika mkono wakaendelea kutembea, kama wafanyavyo marafiki Kimamba kutoka stesheni hadi sokoni. Erik akawa mwekundu mpaka masikioni. Ndipo Beda alipotambua kuwa huku mwanamume hashikwi mkono hivihivi. Angeweza kuuachia na kuomba radhi. Hakuuachia.

Mafunzo yalipokwisha alirudi. Melkizedek, rafiki yake tangu utotoni, alimpokea stesheni, akamshika mkono, wakaifuata njia ya kijijini. Watu waliwasalimu wakapita zao. Beda alifurahi, na aliogopa. Alikusudia kuwafundisha wenzake ufundi kisha arudi kwa Erik, lakini hakutaka kuondoka kama mwizi, bila hata mtu mmoja wa kwao kumjua.

"Haya, mzungu wetu," Melkizedek alimtania, "umepata mchumba huko?"

"Nimepata."

"Anaitwa nani?"

"Erik. Ni mwanamume, Melki. Fundi mwenzangu."

Wakapita mistari ya mkonge, wakapita kisima. Beda alitazama chini, akiusikilizia ule mkono wenye sugu za jembe, akingoja ulegee.

"Trekta limezima tena," Melkizedek alisema hatimaye. "Huyo Erik anajua kutengeneza?"

"Ananishinda mimi."

"Basi mlete tumwone."

Na mkono hakuuachia mpaka mlangoni kwa mama yake Beda.