Maji ya Kumwosha Mama Rabia

Simu ililia wakati Ramla ameweka kiganja juu ya tangi la maji uani, lile la mashine mpya. Tangi lilikuwa baridi, kama jana.

"Weye njo mutoto ya Mama Rabia?" muuguzi aliuliza. "Kuja, uite na bakubwa. Mama ametuacha hii asubuhi."

Ramla akasema inna lillahi, akakaa juu ya gunia tupu la makala, yale makaa ya kuchemshia maji. Machozi hayakuja. Alikuwa amelala kwenye sakafu ya hospitali tangu baridi ilipoanza, na jana tu alirudi nyumbani, mtaani Katuba, kufua nguo za mama. Sasa nguo zilikuwa zimeanikwa uani, bado zinadondosha maji.

Mama yake, Rabia, mwenye asili ya Maniema, alikuwa na mabafu nyuma ya nyumba. Wakati wa baridi, wafanyakazi wa alfajiri na wachuuzi waliotoka Kipushi walikuja kuoga kwake maji ya moto. Aliyachemsha kwa makala kwenye mapipa, akiinama na kupuliza, mwaka baada ya mwaka, mpaka moshi ukahamia kifuani mwake. Alipoanza kukohoa hata kwenye sijda, akasema basi, makala yaishe.

Alimwita Chishimba, fundi wa friji wa mtaa ule, wakachagua pamoja. Hita ya kawaida ya umeme waliijaribu siku moja: taa za majirani zikafifia, mpaka watu wakaja kupiga kelele langoni. Mitambo ya jua ilikuwa mizuri, lakini wateja wake walioga kabla jua halijatoka. Ikabaki pampu ya joto.

"Mama, unajua nyuma ya friji kunakuwaka moto?" Chishimba alimweleza. "Hii nayo inakamata joto ya mu hewa, inaitia mu maji. Inakula umeme kidogo. Ila haina haraka."

"Mi pia sina haraka. Lakini na hii baridi yetu, hiyo joto itaitoa wapi?"

"Iko mu hewa, mama, hata kama weye hauisikii. Inaomba upepo tu."

Rabia akacheka na kukohoa. "Basi nipatie hiyo. Tutazeeka pamoja."

Hakuiona ikifungwa kwenye stoo ya makala. Siku ilipoletwa, yeye alikuwa tayari hospitalini. Kila Ramla alipompelekea uji, aliulizia mashine yake kama mtu anayeulizia mjukuu. Na jioni moja alimshika mkono akasema, "Siku yangu ikifika, munioshe na maji ya ile mashini. Makala imenitosha."

Mwili wake ulifika nyumbani jua likiwa limeshapanda. Mama Mawazo, aliyeosha wanawake wa Kiislamu wa Katuba, alikunja mikono ya gauni akaomba maji ya vuguvugu. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri.

"Tuwashe mbabula ya makala," alisema mjomba Zakari, mdogo wake Rabia. "Ile mashini ni uongo mutupu."

"Hapana, mujomba. Mama alikatala makala."

"Mama yako alikatala makala akiwa muzima! Sasa tumuoshe na baridi?"

Ramla akampigia Chishimba simu. Fundi alikuja akiwa bado na mafuta mikononi, akatoa pole, akaomba kuiona mashine. Zakari akafungua kufuli la ile stoo. Baridi ya mle ndani iliwapiga usoni.

"Nani aliziba hili dirisha?" Chishimba aliuliza.

"Mimi," Zakari alisema. "Katuba hii bataiba hata kivuli yako. Niliweka matofali, nikafunga mulango."

"Baba Zakari, mulifunga mashini mu gereza! Inakula joto ya ndani, inatapika baridi, kisha inakula ile baridi yake tena. Joto itoke wapi?"

Zakari alitazama ukuta. Kisha akatoka, akarudi na nyundo, akaanza kuvunja matofali aliyoyajenga mwenyewe. Vumbi lilimjaa kwenye kofia na ndevu, na Ramla akaona kwamba mjomba wake analia. Dirisha lilipofunguka, akang'oa na mlango kwenye bawaba zake, akauegemeza ukutani. Halafu akaweka kiti mbele ya uwazi ule, akakaa kulinda.

Chishimba akaondoa vumbi, akaiwasha tena mashine. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja. Kila aliyeingia msibani aliangalia taa ya uani, na kila mmoja alimwomba Mungu umeme usiende. Haukwenda.

Karibu na adhuhuri Mama Mawazo alitia kiwiko kwenye ndoo.

"Haiko moto," Ramla alisema kwa hofu.

"Tunaosha muntu, hatupiki ugali. Hii njo vuguvugu yenyewe. Lete majani ya mkunazi."

Ramla alimimina, Mama Mawazo akaosha. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, polepole, kama anaosha mtoto aliyelala. Maji yalipita juu ya vidole vya mama, ambavyo weusi wa makala haukuwahi kutoka kabisa kwenye kucha zake. Chumba kilinuka kafuri. Moshi haukuwepo.

Wakamvika sanda. Ramla akainama, akabusu paji la uso la mama yake, likafunikwa. Wanaume wakaswali, wakabeba jeneza hadi kwenye gari. Zakari alishika mbele. Wanawake walisimama langoni mpaka gari likakata kona, kisha wakarudi ndani.

Jioni Zakari alirudi na udongo mwekundu kwenye viatu. Alimwambia Ramla kwamba mama amezikwa karibu na babu, na yeye Zakari ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Ramla akamletea maji ya kunawa kutoka tangi la ile mashine; sasa yalikuwa moto.